HAKI YA ASIYESEMA: Paka Akandapo kwa Miguu Yake, Nini Maana Yake, na Nini Limlazimulo Mwenye Nyumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kiendacho juu ya ardhi. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika Mkunya, juu ya uwanda wa Wamakonde, wilaya ya Newala, nyumba yenye ghala ya makopa na mbaazi na korosho haipendi kukosa paka. Mchana hulala, usiku huwinda panya, na kwa kazi hiyo chakula cha watu husalimika mpaka mavuno mengine. Kisha baina ya Magharibi na Isha, mwenye nyumba aketipo juu ya mkeka, paka yule humjia, akapanda mapajani mwake, akaanza kumkanda kwa miguu yake ya mbele, wa kulia kisha wa kushoto, kama mwanamke akandaye unga; makucha yakitoka na kurudi, macho yamefumba nusu, na kifua kikikoroma. Watoto wa chuo huuliza: Huyu afanya nini? Na watu wazima huwajibu kila mmoja kwa dhana yake.

Suala hili laonekana kuwa ni dogo, wala si dogo. Kwani ndani yake mna suala jingine lililo kubwa, nalo ni hili: Hayawani asiyesema, asiyejua ahadi wala mkataba, akimwamini mwanadamu kwa kitendo chake, je, imani yake hiyo yamwekea mwanadamu haki yo yote? Au ni mchezo wa mnyama, mtu akipenda huupokea na akipenda huutupa, wala hana la kuulizwa? Ndugu msomaji, tia moyo wako katika maneno haya, upate kuona kwamba jawabu lake lagusa chakula cha nyumba yako, na maji ya mtungi wako, na sala yako, na hesabu yako ya kesho.

MAKOSA MATATU

Watu katika jambo hili hukosea kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni njia ya hofu. Wako wasemao pwani na bara kwamba paka ana mambo, na kwamba huyu si paka bali ni jini, au kwamba kukanyagakanyaga kwake ni ndege ya shari. Jawabu la hawa ni kwamba kuamini kuwa majini wako ni haki, kwa kuwa Kurani imewataja. Lakini kuwako kwa majini si dalili ya kwamba paka huyu ni mmoja wao, kama vile kuwako kwa wezi si dalili ya kwamba jirani yako ni mwizi. Ama kutazamia ndege na kufunga safari au kuvunja kazi kwa mwendo wa mnyama, hilo Mtume (s.a.w.) amelikataza wazi. Na mtu ampigaye paka kwa dhana tu amefanya makosa mawili: ameamini asilolijua, na amemwudhi asiye na kosa.

Njia ya pili ni njia ya kiburi. Mwenye nyumba huona paka amkanda, akasema: Huyu ananishukuru kwa samaki niliyempa jana, huyu ananitambua kuwa mimi ni mkubwa wake, huyu ananisifu. Amechukua mawazo yake mwenyewe akamvika mnyama, kama mtu amvikaye mtoto kanzu ya babaye, kisha akastaajabu kwamba haimwenei. Kushukuru ni kumjua mwenye kutenda wema, na kuujua wema wake, na kukusudia kumlipa. Nani aliyemfunulia mtu huyu moyo wa paka hata akayaona hayo matatu ndani yake? Nabii Sulaiman (a.s.) alifundishwa usemi wa ndege, akafahamu neno la chungu, akatabasamu, na elimu ile ilikuwa kipawa cha Mtume, wala haikurithiwa na kila mwenye paka.

Njia ya tatu ni njia ya dharau. Husema mtu: Mnyama ni mnyama, miguu yake yatikisika kama mti utikiswavyo na upepo, haina maana. Kisha humwinua paka kwa ngozi ya shingo akamtupa uani, au akamtia katika kikapu pamoja na watoto wake, akawabwaga njiani mbali na nyumba, wala moyo wake usimshitaki. Huyu amekosa zaidi ya wale wawili, kwa kuwa wao wamezidisha maana isiyokuwapo, na huyu amefuta maana iliyopo.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Bani Israil amemkataza mtu kufuata jambo asilokuwa na ujuzi nalo, na akaonya kwamba masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Na katika Sura iyo hiyo amepasha kwamba hapana kitu ila chamtakasa Yeye, walakini wanadamu hawafahamu kutakasa kwao. Basi zingatia mafundisho haya mawili pamoja: usiseme usilolijua, wala usidhani kwamba usilolijua si kitu. La kwanza lamrudi mwenye hofu na mwenye kiburi, na la pili lamrudi mwenye dharau.

SABABU YA KITENDO HIKI

Ama sababu, yaanzia kwenye maziwa. Mtoto wa paka huzaliwa hali haoni, na masikio yake yamejifunga. Macho yake hufumbuka baada ya wiki moja hivi, au mbili. Katika siku zile za kiza hana alijualo ila joto la mamaye na harufu yake. Huenda kwa kutambaa hata akaifikia chuchu, akaanza kunyonya, na huku akilisukuma tumbo la mamaye kwa miguu yake miwili ya mbele, mmoja baada ya mwingine. Kusukuma huko na kunyonya huko hupeleka khabari kwenye ubongo wa mama, na ubongo hutoa dutu katika damu ilegezayo maziwa, yakashuka. Mtu wa Newala aliyefuga mbuzi amekwisha kuona mfano wa jambo hili: mwana-mbuzi huupiga kiwele kwa kichwa chake ili maziwa yashuke. Mbuzi hupiga kwa kichwa, na paka hukanda kwa mguu, na makusudio ni mamoja.

Basi kitendo cha kwanza alichokitenda paka duniani ili apate riziki yake ni kukanda. Na kitendo hicho kilifungamana na joto, na shibe, na salama, na kukoroma kwa mamaye juu yake. Mtoto huanza kuachishwa ziwa apatapo wiki 4 hivi, na hukoma kunyonya karibu na wiki ya 8. Maziwa hukoma, lakini kitendo hakikomi. Aonapo kitu laini chenye joto, pajani mwa mtu au juu ya blanketi, hali naye ana raha wala hana hofu, miguu hukumbuka ilichokuwa ikikifanya. Na wengine hutoka mate, na wengine hunyonya nguo, kama kwamba ziwa liko palepale.

Wachunguzi wa hayawani wamesema na maneno mengine juu ya haya. Baina ya vidole vya paka mna tezi zenye harufu, na kwa kukanda huiacha harufu yake juu ya kitu, kikawa ni chake. Wengine wamekisia kwamba wahenga wake walikuwa wakikanyaga majani kuyafanya malalo. Na paka jike atakaye dume huweza naye kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma, na hilo ni jambo jingine lisichanganywe na hili. Maneno haya hayapingani, kwa sababu kitendo kimoja chaweza kuwa na faida nyingi. Lakini lililo na nguvu zaidi ni lile la maziwa, kwa kuwa laonekana kwa macho tangu siku za kuzaliwa.

Wako wasemao kwamba paka akandaye ni yatima tu, aliyetengwa na mamaye kabla ya wakati. Si hivyo, kwani paka aliyenyonya akatosheka naye hukanda. Walakini kutenganishwa mapema kuna madhara mengine yaliyothibiti. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika nchi ya Finland, walitangaza uchunguzi wao juu ya paka zaidi ya 5,000, wakaona kwamba walioachishwa kabla ya wiki 8 walizidi kuwa wakali kwa watu wageni, na waliokaa na mama zao mpaka wiki 14 au zaidi walikuwa na tabia njema kuliko wao. Litie neno hili akilini, kwani litarejea katika mlango wa haki.

MWENYE KUPINGA NA JAWABU LAKE

Huenda mtu akasema: Ikiwa sababu ni maziwa tu na mazoea ya mwili, basi kumbe mwenye dharau amesema kweli! Paka hampendi mtu, apenda joto. Na kisicho mapenzi hakina haki.

Jawabu: Kujua sababu ya kitu si kukifuta kitu. Mvua ina sababu zake, wala mkulima wa mihogo hasemi kwamba kwa kuwa ina sababu si rehema. Na mwanadamu mwenyewe, mapenzi yake kwa mamaye yalianzia wapi? Hakuzaliwa naye ana hoja za mapenzi. Mwenyezi Mungu amewakumbusha wanadamu kwamba aliwatoa matumboni mwa mama zao hawajui kitu. Alijua kwanza ziwa, na mkono, na mgongo uliofungwa mbeleko. Kisha juu ya misingi hiyo ya mwili pakajengwa heshima, na huruma, na dua anayomwombea mamaye baada ya kufa kwake. Je, atasema mtu kwamba kwa kuwa mapenzi hayo yalianza kwa maziwa si mapenzi? Akisema hivyo, ameivunja nyumba ili amfukuze paka.

Basi lisemwe lililo la hakika bila ya kuzidisha wala kupunguza. Paka akandapo mapajani mwa mtu, hapana hakika kwamba anashukuru, wala kwamba anamsifu. Lakini pana hakika ya jambo moja: mahali pale amepaona kuwa ni pa salama, mfano wa mahali pa mamaye. Hayawani mwenye hofu hafumbi macho. Mwenye kutazamia teke halegezi mwili wake. Ile ni shahada ya asiye na ulimi, kwamba mbele ya mtu huyu amesalimika.

Atasema tena mwenye kupinga: Vema, yeye ameniona kuwa ni salama, lakini mimi sikumwahidi kitu, wala hatukuandikiana. Imani yake ni mali yake. Yaniwekea mimi haki gani?

Hapa ndipo penye kiini cha suala, na jawabu lake lataka utulivu. Haki haikuzaliwa katika nia ya paka, kwa kuwa nia yake haijulikani; imezaliwa katika tendo la mwanadamu. Paka wa nyumbani asili yake ni paka wa mwituni wa Afrika na Mashariki ya Karibu. Jambo hili lilithibitishwa kwa uchunguzi wa nasaba za damu uliotangazwa mwaka 2007. Na katika kisiwa cha Cyprus limefukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa na paka karibu yake tangu miaka kiasi cha 9,500 iliyopita, na khabari yake ilitangazwa mwaka 2004. Wajuzi wa mambo haya husema kwamba wanadamu walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya walikuja, na paka wakawafuata panya. Yule wa mwituni akishakua hujitenga, akawinda peke yake. Ama wa nyumbani hubaki karibu na mkono umlishao, na tabia nyingi za utotoni hubaki naye: hulia kwa sauti amwitapo mtu, na hukanda. Mwanadamu amempokea miaka kwa maelfu, akafaidika naye, akamweka katika hali ya mtoto asiyekoma utoto.

Basi mwenye nyumba amekaa mahali pa mama. Na akaaye mahali pa mama hachukui joto na sifa tu, akaacha mzigo. Ipo kanuni kwa mafakihi kwamba faida hufuatana na dhamana: anayekula tunda la kitu ndiye abebaye gharama yake. Ghala imesalimika kwa makucha ya paka. Basi si haki kuyataka makucha usiku na kuyalaani asubuhi yanapogusa paja. Na Waswahili wa zamani walikwisha kusema: Paka wa nyumba haingwa.

MLANGO WA HAKI

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, haki za hayawani si hisani tu ya mwenye kutaka, bali nyingine ni wajibu. Mwenye kumiliki hayawani yamlazimu kumlisha na kumnywesha kadiri ya haja yake, au kumwacha huru ajitafutie mahali apatapo. Akikataa, hakimu humlazimisha. Na kwa asiyeliwa nyama yake, kama paka, hulazimishwa kumpa riziki au kumwondoa mikononi mwake kwa njia iliyo halali, wala hana rukhsa ya kumfisha kwa njaa. Na asili ya hayo ni Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachie ale wadudu wa ardhi. Ifikirini Hadithi hiyo vizuri. Hakuulizwa kwa nini hakumpenda paka. Aliulizwa kwa kuwa aliufunga mlango, na mwenye kuufunga mlango amejifanya kuwa ndiye riziki ya aliye ndani.

Haki ya pili ni ya mama na watoto. Mashafi wamesema kwamba haijuzu kumkama mnyama maziwa hata mtoto wake akadhurika. Na Abu Daud amepokea kwa Ibn Masud (r.a.) khabari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake na Masahaba safarini, akaja akipigapiga mbawa zake, na Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Basi ambwagaye njiani mtoto wa paka mwenye macho ambayo hayajafumbuka, au amgawiaye jirani kabla ya kuacha ziwa, na aitazame khabari hii, kisha aukumbuke uchunguzi wa Helsinki, aone kwamba madhara aliyoyakataza Mtume (s.a.w.) kwa huruma yameonekana tena kwa hesabu. Akiwa watoto ni wengi na nyumba haiwaenei, na asubiri wiki 8, kisha awatafutie nyumba zenye panya. Na nyumba hizo juu ya uwanda hazikosekani. Na serikali ya Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Basi atendaye ukatili hana udhuru kwa Mola wake wala kwa hakimu.

Haki ya tatu ni ya viungo vyake. Makucha ya paka hutoka akandapo. Hilo ni umbile lake, na hajui kwamba nyama ya mtu si kama tumbo la mamaye lenye manyoya. Dawa yake ni kutandika nguo nzito mapajani, au kumshusha taratibu, au kupunguza ncha za makucha bila ya kufika penye damu. Ama kumpiga, ni kumwadhibu kwa kosa asilolijua. Na katika baadhi ya nchi za ng'ambo walikuwapo watu waliomkata paka kifundo cha mwisho cha kila kidole ili asikwaruze viti vyao. Na jimbo la New York, katika Marekani, lilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2019. Mwislamu hakuhitaji kungoja mwaka huo, kwani kukatakata viungo vya mnyama kumekatazwa tangu zama za Mtume (s.a.w.).

Na isije ikadhaniwa kwamba sheria imempa paka haki ikamsahau jirani. La. Paka ajulikanaye kwamba hula vifaranga vya watu au hupekua vyungu vyao, mwenyewe hulipa alichoharibu, kiwe kimeharibiwa usiku au mchana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na ajapo kudhuru hufukuzwa kwa lililo jepesi kwanza, kabla ya lililo zito. Kadhalika mtu ampaye paka samaki mzima na hali jirani yake amelala na njaa, huyo hakumrehemu paka. Ameikimbia haki kubwa akajificha nyuma ya haki ndogo. Rehema ina safu kama safu za sala: wa mbele hasukumwi nyuma, wala wa nyuma hatolewi msikitini.

FAIDA KATIKA TAHARA NA SALA

Watu huuliza sana juu ya paka akandaye mtu aliye na udhu, au aliyeketi juu ya msala. Jua kwamba kuguswa na paka hakutengui udhu. Na miguu yake asili yake ni tohara mpaka ionekane najisi kwa yakini, kwani yakini haiondolewi kwa shaka. Unywele wake uliong'oka naye yu hai ni najisi kwa kauli iliyotegemewa, lakini mchache umesamehewa. Basi na akung'ute msala wake, wala asiingiwe na wasiwasi. Akimjia katika sala akamkanda, amwondoe kwa mkono mara moja au mbili kwa upole. Wala asifuatishe vitendo vitatu mfululizo, isije sala yake ikabatilika. Na damu chache ya mkwaruzo imesamehewa.

Ama masazo yake ni tohara. Abu Katada (r.a.) aliwekewa maji ya udhu na mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab, akaja paka kunywa, naye akakiinamisha chombo ili paka anywe vizuri. Alipomwona Kabsha akimtazama kwa mastaajabu, alimweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema kuwa paka si najisi, naye ni katika wale wawazungukiao watu majumbani. Na ikiwa kinywa chake kimeingia najisi, kisha akatoweka muda ambao yamkini amekunywa maji mengi yaliyomtoharisha, akarudi na kunywa katika maji machache, maji hayo hayanajisiki.

Mtu wa Mkunya na alitafakari hili kuliko mtu wa Lindi. Ardhi ya uwanda ule hunywa mvua isibakishe mto wala chemchemi juu yake. Na kabla ya mradi wa maji ulioanzwa katika miaka ya 1950, wanawake walishuka magenge hata mabondeni, wakapanda na mitungi vichwani, na mtungi mmoja ulikuwa ni mwendo wa saa nyingi. Lau sheria ingaliamrisha kwamba kila paka atiapo ulimi maji yamwagwe, ni taabu gani ingalimshukia mwanamke yule? Basi hukumu moja imewarehemu wawili, paka mwenye kiu na mwanamke mwenye mtungi. Ndivyo ilivyo rehema ya kweli: haimwondolei mmoja mzigo kwa kumtwika mwingine.

ONYO JUU YA HADITHI YA UKONO

Ni mashuhuri vinywani mwa watu kwamba Mtume (s.a.w.) aliukata ukono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Khabari hii haina isnadi katika vitabu vya Hadithi vitegemewavyo, wala haijuzu kumnasibishia Mtume neno lisilothibiti, lijapokuwa ni zuri. Kisa mfano wa hicho husimuliwa juu ya Sheikh Ahmad ar-Rifai, aliyefariki mwaka 578 wa Hijra (1182). Na yaliyothibiti yatosha. Ampendaye paka hana haja ya kusema uwongo kwa ajili yake.

KHATIMA

Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote ni Abu Huraira (r.a.), na maana ya jina lake la utani ni Baba wa kipaka, kwa sababu alikuwa na paka mdogo aliyekuwa akicheza naye. Katika aliyoyapokea, nayo imo katika Bukhari na Muslim, ni kwamba Mwenyezi Mungu ameigawa rehema mafungu 100, akaweka kwake 99, akateremsha duniani fungu 1. Na kwa fungu hilo viumbe hurehemiana, hata mnyama huinua ukwato wake asimkanyage mtoto wake.

Uzingatie mguu huo, ewe ndugu. Mama huuinua mguu wake ili asimwumize mtoto, na mtoto wa paka huukandamiza mguu wake ili maziwa yashuke. Mmoja wainuka na mmoja wakandamiza, na yote miwili yaenda kwa fungu moja la rehema. Paka akandapo pajani mwa mtu, mguu ule wauliza kwa lugha ya umbile lake swali lile lile ulilouliza penye tumbo la mamaye: Je, hapa pana riziki, na pana salama? Mnyama hajui kumshitaki mtu akijibiwa vibaya, wala hajui kumshuhudia akijibiwa vema. Lakini Mola wake ajua. Na kwa sababu hiyo haki ya asiyesema ni nzito kuliko ya asemaye: asemaye hudai, akalipwa au akasamehe hapa duniani, na asiyesema daawa yake haisikilizwi hapa, hubaki mpaka Siku ambayo haki zote hurudishwa kwa wenyewe.

Basi na amwache akande, au amshushe kwa upole, yote mawili ni halali yake. Lililo haramu ni kumfanya aliyekuja kwa salama ajute kuja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kurehemu, ili turehemiwe. Amin. Wallahu aalam.